Baada ya Umisseta, vijana wa Masasi na Newala wanacheza wapi?

KILA mwaka, mashindano ya shule yakishamalizika, kuna kitu kinatokea Masasi na Newala ambacho hakuna kamera inayokifuata. Basi limerudi, wachezaji wameshuka na vumbi lao, na mwalimu wa michezo amesimama mlangoni mwa stoo anahesabu jezi. Namba 7 ipo. Namba 9 ipo. Namba 10 ina tobo begani, lakini ipo. Zikitimia zinakunjwa, zinaingia kwenye gunia, mlango unafungwa mpaka mwakani.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili hilo siyo tatizo. Mwakani ataivaa tena. Lakini kwa yule wa kidato cha nne, pale mlangoni ndipo safari inapoishia. Novemba atafanya mtihani, kisha atarudi nyumbani. Hakuna anayemwambia kwamba amestaafu soka akiwa na miaka 17 au 18, lakini kiukweli ndicho kilichotokea.

Makala haya yanamhusu kijana huyo, na mdogo wake aliyeko shule ya msingi, na dada yake ambaye hata hiyo jezi ya kurudisha hajaipata.

Maana Mtwara siyo mkoa uliokosa mpira. Mwaka 2019 na tena 2021, fainali za kitaifa za Umitashumta na Umisseta, yaani michezo ya shule za msingi na sekondari, zilifanyika Mtwara. Watoto wa mikoa yote walikuja kukipiga huku Kusini, na makocha wenye macho yao wakaja kuangalia. Ilipendeza. Tatizo ni kesho yake. Mashindano ya shule ni ya wiki chache kwa mwaka, na mchezaji hatengenezwi kwa wiki chache.

NJIA PANDA YA KILA MTU

Ukitaka kuelewa kwa nini mpira una maana kubwa eneo hili, simama kwanza Masasi mjini. Kuna njia ya kwenda Lindi na Mtwara, kuna ya Nachingwea, kuna inayopanda Newala, na kuna ya Mangaka, ambayo inakupeleka Tunduru na Songea au inakushusha Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja, linalotuunganisha na Msumbiji tangu mwaka 2010.

Mji wa namna hiyo hauwezi kuwa wa kabila moja. Wapo Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera, na wapo wafanyabiashara na watumishi waliotoka kila kona ya nchi. Ukipanda Newala, juu ya uwanda wa Makonde, Wamakonde ndio wengi, lakini Wamakua na Wayao nao wapo, na ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde lote la Mto Ruvuma likiteremka kuelekea Msumbiji. Ng'ambo ya mto wapo ndugu wa watu wa huku.

Na mchanganyiko huu haukuanza na stendi ya mabasi. Mwaka 1876 wamisionari wa Kianglikana walileta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakitokea Zanzibar. Watu hao walikuwa wa makabila tofauti, na hapo ndipo kijiji cha misheni kikaanza. Walimu wengi wa mwanzo wa huku walisomea Kiungani, Zanzibar, shule ya misheni ambayo vijana wake walikuwa wakicheza mpira tangu karne ya 19. Kwa hiyo mtu akikwambia soka la Masasi limeletwa na televisheni, mcheke tu. Watu wengi tofauti, shule na mpira ni vitu vilivyokaa pamoja huku kwa muda mrefu sana.

Leo ukienda kiwanja chochote cha mtaa saa 10 jioni, baada ya swala ya alasiri, utaona kitu hicho hicho. Kipa anaitwa Hamisi, beki anaitwa Benedicto, straika ana jina la babu yake la Kimakonde ambalo mtangazaji wa Dar angelitamka mara tatu kabla ya kulipatia. Timu inabeba jina la mtaa. Kabila linatajwa kwenye utani tu. Kipa akiachia bao la kizembe, atakumbushwa kabila lake, kijiji cha mjomba wake na chakula anachokipenda, halafu mechi inaendelea. Siyo bahati mbaya kwamba Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Neno hilo soka imelikopa kwenye maisha ya watu kama hawa.

Ndiyo maana ninasema programu ya vijana huku haihitaji somo la kuwafundisha watoto kupendana. Hilo wanalo. Inahitaji kuwapa sababu ya kukutana kila wiki, mwaka mzima.

KUCHELE ILIPOCHOMOZA

Mashabiki wengi wa nje ya Kusini waliifahamu Masasi kupitia jina moja: Ndanda. Ndanda ni mji mdogo wilayani Masasi, maarufu kwa hospitali na abasia ya Wabenediktini, na jina lake lilibebwa na klabu ambayo makao yake yalikuwa Mtwara mjini, kwenye Uwanja wa Nangwanda Sijaona. Wenyewe wakajiita Wana Kuchele, yaani kumekucha.

Na kulikucha kweli. Septemba 20, 2014, siku ya ufunguzi wa Ligi Kuu Bara, Ndanda iliyokuwa inacheza mechi yake ya kwanza kabisa kwenye ligi hiyo ilikwenda Shinyanga na kuipiga Stand United mabao 4-1. Watu wa Kusini waliokuwa wamezoea kuzisikia timu kubwa redioni sasa walikuwa wanaiona Simba ikishuka Nangwanda, wiki nyingine Yanga, wiki nyingine Azam. Ilidumu misimu sita mfululizo. Mwisho wa msimu wa 2019/20, Ndanda ikashuka daraja.

Sina nia ya kutafuta mchawi. Kuendesha timu ya Ligi Kuu kutoka Mtwara ni gharama, na kila safari ya ugenini ni ndefu. Lakini tuulizane: misimu sita ya Ligi Kuu iliacha nini Masasi na Newala?

Iliacha kumbukumbu, na hizo siyo kitu kidogo. Iliacha watoto waliomwona mchezaji wa Ligi Kuu kwa macho yao. Lakini kama ilivyo kwa klabu nyingi nchini, kikosi kilijengwa zaidi kwa wachezaji waliokwisha kukomaa kwingine. Na klabu iliposhuka, iliondoka na kitu ambacho shabiki wa kawaida hakukiona: timu za vijana wa chini ya miaka 20 za klabu za Ligi Kuu zina mashindano yao ya kitaifa. Mkoa usipokuwa na klabu ya Ligi Kuu, kijana wake hana pa kuingilia huko akiwa nyumbani kwao. Ni lazima ahame.

Hapa kuna somo kutoka Mwanza. Alliance ilishuka Ligi Kuu msimu ule ule wa 2019/20. Lakini Alliance ilikuwa imezaliwa kutokana na shule na kituo cha kulea vipaji. Timu ikishuka, shule haishuki nayo. Vijana wanaendelea kusoma na kucheza, na wengine waliopitia pale tunawaona hadi leo Ligi Kuu wakiwa na jezi nyingine. Timu ya kwanza ni ghorofa. Ikibomoka, unajenga tena kama msingi upo.

JIRANI KAFANYAJE?

Kwa upande mwingine yupo jirani, Ruangwa, mkoani Lindi, ng'ambo ya Nachingwea. Miaka michache tu iliyopita ungesema Ruangwa itacheza mashindano ya Afrika ungeambiwa umelewa uraka. Lakini Namungo ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ikamaliza nafasi ya nne, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho (FA) na kufungwa na Simba 2-1 kule Sumbawanga, Agosti 2020. Kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa ligi pia, Namungo ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika na kufika hatua ya makundi, ikiwa kundi moja na Raja Casablanca na Pyramids.

Makundi yalikuwa magumu, Namungo ilifungwa mechi zote sita. Lakini wilaya ya wakulima wa korosho na ufuta ilikuwa imekaa meza moja na Casablanca na Cairo.

Masasi na Newala wakiitazama Ruangwa wanaweza kuchukua somo zuri au baya. Somo baya ni kutafuta mkubwa wa kuibeba timu, kununua wachezaji na kuomba Mungu. Somo zuri ni kwamba umbali wa Kusini siyo sababu. Watu wakiamua, uwanja unapatikana, timu inapatikana, na Raja Casablanca inapangwa na wewe. Sasa waamue kuanzia chini.

KALENDA YA KUSINI SIYO YA DAR

Programu nyingi za vijana zinazoletwa huku hufa kwa sababu moja ya kijinga: zimepangwa kwa kalenda ya Dar es Salaam. Huku mwaka unakwenda na vitu vitatu, yaani shule, korosho na jando.

Korosho kwanza. Kuanzia katikati ya mwaka ni kupulizia salfa kwenye mikorosho. Kuanzia Septemba, Oktoba hadi mwishoni mwa mwaka ni kuokota, kutenganisha na mabibo, kuanika na kupeleka ghalani. Familia nzima ipo shambani. Ukiweka mazoezi saa 9 alasiri mwezi wa Novemba, utabaki na kocha na mpira.

Kisha jando. Wengi wa makabila ya huku, awe Mmakonde, Mmakua, Myao au Mmwera, wanalichukulia kwa uzito, na siku hizi familia nyingi hulipanga wakati wa likizo ili mtoto asikose masomo. Kocha anayelalamika kwamba jando limemwibia winga wake hajaelewa yupo wapi.

Wapo waliolielewa hilo zamani. William Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, alikuta jando lipo na lina nguvu. Angeweza kulipiga marufuku na kugombana na wazazi maisha yake yote. Badala yake alishirikiana na wazee, likafanyika jando lenye mafundisho ya Kikristo ndani yake. Unaweza kubishana na dini yake, lakini akili ya mpango wake ni ya kocha mzuri: usipigane na uwanja, cheza kulingana na uwanja.

Tukiisoma kalenda hiyo vizuri, nafasi zinaonekana. Mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba, na yule mtoto hana shule tena hadi Januari. Ana miaka 13 au 14, umri ambao mguu unafundishika. Wa kidato cha nne wanamaliza Novemba na wanakaa miezi wakisubiri matokeo. Januari hadi Mei korosho imekwisha. Kuna mvua, ndiyo, lakini udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde unameza maji haraka. Kitu hicho hicho kinachoifanya Newala ihangaike na maji ndicho kinachofanya kiwanja chake kichezeke mapema baada ya mvua.

Na kuna mtu mmoja zaidi ambaye kila skauti anayekuja Kusini anapaswa kumjua: mjomba. Makabila haya makubwa ya huku kwa asili yanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Ukitaka kijana aruhusiwe kwenda majaribio Dar es Salaam, usizungumze na baba peke yake na kudhani umemaliza. Nenda kamsalimie mjomba mtu. Ukikaa naye chini ukamweleza atalala wapi, atasoma wapi na nani atamwangalia, mambo yananyooka. Ukimruka, utashangaa kijana anageuzwa njiani.

DADA ZAO JE?

Oktoba 2022, Serengeti Girls walicheza Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India na kufika robo fainali. Hakuna timu ya wanaume ya Tanzania iliyowahi kucheza Kombe la Dunia la umri wowote hadi pale. Kwa hiyo mzazi anayesema mpira wa wasichana ni kupoteza muda, jibu lipo kwenye rekodi.

Lakini huku juu Newala kikwazo cha kwanza cha msichana ni ndoo. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake, na kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde umepunguza adha, lakini mahali bomba halitoi, anayetumwa ni binti. Kaka yake saa 10 jioni anafunga kamba za viatu, yeye yupo foleni.

Kwa maana hiyo bomba likitoa maji jirani na shule, timu ya wasichana imepata saa nzima ya mazoezi ambayo haikuwepo. Viongozi wa soka na viongozi wa maji hawakai mkutano mmoja, lakini kwenye suala hili wanacheza timu moja. Na kwa sasa, ambapo hali bado ni ngumu, kuweka mazoezi ya wasichana asubuhi ya Jumamosi hakugharimu hata senti.

MATHARE WALIANZA NA TAKATAKA

Kama kuna anayedhani haya ni ndoto, apande basi aende Nairobi. Mwaka 1987, katika Mathare, mtaa wa mabanda wenye watu wa kila kabila la Kenya, Bob Munro, raia wa Kanada, alianzisha na vijana wa pale chama cha michezo kinachojulikana kama MYSA. Sharti lilikuwa moja: mnataka ligi, safisheni mtaa. Timu iliyotoka kufanya usafi ilipewa pointi kwenye msimamo wa ligi. Ukiwa na straika hatari lakini hamshiki fagio, ubingwa mnausikia tu.

Sharti hilo dogo lilifanya kazi kubwa. Vijana wenyewe ndio waliokuwa waamuzi, makocha na viongozi wa kanda zao. Watoto wa makabila tofauti walizoa mfereji mmoja asubuhi na kucheza mechi jioni. Mwaka 1994 ikazaliwa timu ya wakubwa, Mathare United, na mwaka 2008 ikatwaa ubingwa wa Kenya. Angalia hesabu: tangu watoto waanze kushika fagio hadi kombe la ligi ni miaka 21. Aliyetaka kombe kwa msimu mmoja angeshakata tamaa mara kumi.

Newala na Masasi siyo Mathare, na takataka siyo shida yao kubwa. Pointi za huku zinaweza kutolewa kwa kupanda miche ya mikorosho kwenye shamba la shule, kwa kumchotea maji bibi anayeishi peke yake, au kwa mahudhurio darasani. Muhimu ni kijana ajue kwamba msimamo wa ligi unaangalia pia anachofanya nje ya uwanja.

NANI ATALIPA?

Hapa ndipo vikao vingi huvunjika. Basi tufanye hesabu bila kupaka rangi.

Kila msimu wa korosho ukianza kulipa, vijiji vya huku vinajaa bonanza. Kuna kombe la mbuzi, kuna kombe la diwani, kuna la mfanyabiashara fulani. Vumbi linatimka, watu wanajaa, raha tupu. Lakini tazama wanaocheza. Timu zinaleta mamluki kutoka mjini, wanalipwa nauli na posho, wanachukua mbuzi, wanaondoka. Kijana wa kijiji anakaa benchi akiwashikia mabegi. Kwa hiyo fedha ya mpira ipo. Inatumika kwa wiki mbili na kuisha.

Sharti la kwanza halina gharama: kila kombe la kijiji liseme timu iwe na angalau wachezaji watano wa chini ya miaka 20 wanaoishi pale kijijini, na wawe uwanjani, siyo benchi. Mdhamini hapotezi kitu. Shabiki naye anapata kumshangilia mtoto wa jirani.

La pili ni vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS. Tangu mwaka 2007 korosho ya Mtwara inauzwa kwa stakabadhi ghalani, kwa hiyo kila kilo inapimwa na kuandikwa. Chukua mfano wa AMCOS inayokusanya tani 500. Shilingi moja tu kwa kilo ni Sh500,000. Haimlipi kocha kwa mwaka, lakini inanunua mipira, nyavu na dawa ya kwanza ya mchezaji aliyeumia. AMCOS kumi zikifanya hivyo ni Sh5 milioni, na hapo tayari unazungumzia ligi ya watoto yenye waamuzi waliolipwa nauli.

Najua mkulima atauliza: makato mengine tena? Ana haki ya kuuliza. Msimu wa 2018/19 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kusimamia, na wapo waliosubiri fedha zao kwa muda mrefu. Mtu aliyepitia hayo haamini kirahisi shilingi inayokatwa kwa jina zuri. Kwa hiyo isikatwe kwa amri ya mtu wa ofisini. Ijadiliwe kwenye mkutano mkuu wa wanachama, ipigiwe kura, na hesabu ibandikwe ukutani: mipira mingapi, ipo kwa nani. Wakikataa, basi. Wakikubali, ligi ni yao, na hakuna mwanasiasa atakayekuja kuifunga baada ya uchaguzi.

La tatu ni halmashauri. Masasi zipo mbili, ya mji na ya wilaya. Newala pia mbili. Sheria inazitaka kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia nne ni ya vijana. Mkopo huo siyo wa kununua jezi, unarudishwa. Lakini timu ya vijana ni kikundi tayari, chenye kiongozi, mweka hazina na watu wanaoaminiana. Wakisajiliwa kama kikundi cha kubangua korosho au cha bodaboda, wanapata kazi, na jioni wapo uwanjani. Wengi huacha mpira siyo kwa kukosa kipaji. Wanaacha kwa sababu jioni ni saa ya kutafuta hela ya kula.

LIGI YENYEWE IKOJE?

Haihitaji makubwa. Walimu wa michezo wapo, na wanawajua watoto kuliko skauti yeyote. Vyama vya soka vya wilaya vipo chini ya Mtwarefa. Viwanja vya vumbi vipo kila kata. Inatakiwa ligi ya chini ya miaka 15 kwa wanaosoma na waliomaliza darasa la saba, na ya chini ya miaka 20 kwa waliotoka shule, kata kwa kata, kuanzia Januari hadi Mei. Bingwa wa Masasi akutane na bingwa wa Newala nyumbani na ugenini kabla ya michezo ya shule kuanza.

Usafiri ndio kikwazo, hilo silifichi. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina kilomita 210, na kwa miaka mingi vumbi na makorongo yake yaliwachosha wachezaji kabla ya mechi. Kipande cha kwanza cha kilomita 50, Mtwara hadi Mnivata, kilishawekwa lami. Kadiri lami inavyosogea kuelekea Newala na Masasi, derby ya juu na chini ya uwanda inakuwa ya saa chache. Mpaka hapo, mechi nyingi zichezwe ndani ya kata, watoto wanatembea kwa miguu, kama babu zao walivyotembea kwenda ngoma.

Na kwa nini sasa? Kwa sababu Tanzania imepewa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Tutajenga viwanja, tutapaka rangi, wageni watakuja na kuondoka. Mtoto wa Luchingu au Mkuti aliye na miaka 12 leo hatacheza AFCON hiyo. Anaweza kucheza ya miaka kumi ijayo, kama mwakani na mwaka unaofuata kuna mtu atampigia filimbi kila Jumamosi.

Wana Kuchele walisema kumekucha, na kwa misimu sita waliamsha watu. Safari hii jua lichomozee chini, kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya shule. Na mwalimu wa michezo atakapokusanya jezi zake tena mwakani, yule wa kidato cha nne akabidhi namba 10 bila huzuni, kwa sababu Jumamosi inayofuata ana mechi nyingine, na jezi ya timu ya kata yake inamsubiri.